Mkono wa nje kwenye debe la kura: maswali yenu, majibu yetu

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, na barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, watu wa nje wanaweza kutuharibia kura? Tumechagua chache na kuzifupisha zile ndefu. Majina tumeyaacha, tumebakisha mnakotoka.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanabisha kwamba mtu anaweza kukaa Moscow au Tel Aviv na kompyuta yake, akabadilisha kura niliyopigia Voi. Niwaambie nini? — Mwalimu wa historia, Voi

Waambie waifuate karatasi, Mwalimu. Kura ya Kenya hutiwa alama kwa mkono, hutumbukizwa debeni, na jioni huhesabiwa mumo humo chumbani, karatasi moja moja ikiinuliwa ili mawakala waione. Kifaa cha KIEMS, yaani cha mfumo wa kielektroniki wa uchaguzi, kina kazi mbili tu siku hiyo. Mchana kinamtambua mpiga kura kwa alama za vidole. Usiku kinapiga picha ya fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo hicho, na kuituma. Kuhesabu hakihesabu. Aliyeko Moscow hana njia ya kuifikia karatasi iliyomo debeni Voi.

Anachoweza kukifikia ni kile ambacho watu hukitazama baada ya kura kuhesabiwa. Ukraine ilipopiga kura Mei 2014, kundi la wadukuzi lililojiita CyberBerkut liliingia kwenye mitambo ya tume ya uchaguzi na kutega picha ya matokeo ya uongo, ikionyesha mgombea Dmytro Yarosh akiongoza kwa asilimia 37. Mafundi waliigundua na kuiondoa dakika kama 40 kabla haijatokea kwenye tovuti. Televisheni ya Urusi, Channel One, iliitangaza picha ileile usiku huohuo! Yarosh mwenyewe hakufikisha hata asilimia 1, wala hakuna karatasi ya kura iliyoguswa. Shabaha ilikuwa Waukraine waamke asubuhi wakiwa na matokeo mawili mkononi, wasijue la kushika.

Kenya tulijionea udhaifu wa aina hiyo mwaka 2017, bila hata kuhitaji mdukuzi wa kutoka nje. Tarakimu zilimiminika kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi wakati fomu zake hazijaonekana. Mahakama ya Juu iliamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, Tume ikatekeleza nusunusu, na tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili wakaufuta uchaguzi wa urais. Tarakimu isiyo na karatasi nyuma yake haina mtetezi. Yeyote anaweza kusema imepikwa, na huna cha kumwonyesha.

Mwaka 2022 utaratibu ukabadilika. Tume haikumimina tarakimu tena, bali ilipandisha picha za fomu 34A kutoka vituo 46,229, na mwananchi yeyote mwenye bando aliweza kuzipakua. Hapo kukazuka tatizo jingine dogo: kila kituo cha televisheni kilijumlisha fomu kwa mpangilio wake, kwa hiyo saa moja usiku ulimwona huyu akiongoza kwenye skrini hii na yule akiongoza kwenye ile. Haukuwa udukuzi. Lakini uvumi ulipata pa kuanzia, na tunatarajia hali iyo hiyo 2027 vyombo vya habari visipokubaliana mapema kutaja idadi ya vituo vilivyokwisha kuingizwa kando ya kila jumla.

Nitakuwa wakala wa chama kwa mara ya kwanza. Chama kimetupa kofia na fulana tu. Hasa hasa natakiwa kulinda nini? — Kisumu

Fulana hutaingia nayo kituoni, kwa hiyo iache nyumbani. Beba kalamu mbili, daftari, barua yako ya uwakala, chakula, na chaji ya ziada ya simu. Fika kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, kwa sababu jambo la kwanza la kushuhudia ni debe likiinuliwa tupu na kufungwa kwa lakiri. Kila lakiri ina namba. Ziandike zote. Jioni debe likifunguliwa, linganisha namba hizo kabla lakiri hazijakatwa, zikishakatwa umechelewa.

Wakati wa kuhesabu usikae kwenye kona unayoonyeshwa ikiwa huioni alama kwenye karatasi. Ukiona hesabu haikai sawa, sheria inakuruhusu kuomba ihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili. Basi usiimalize nafasi hiyo kwa kura mbili za mgombea wa mwisho.

Kisha inakuja fomu. Soma kwanza sehemu ya juu: jina na msimbo wa kituo, wadi, eneo bunge, kaunti. Makosa mengi huanzia hapo, hasa shule yenye vyumba vitatu vya kupigia kura ambapo fomu ya chumba cha 2 huandikwa jina la chumba cha 3. Baadaye shuka kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo kina wapiga kura 612 waliosajiliwa. Wagombea wanne wamepata 231, 187, 4 na 2. Jumla ya kura halali lazima isome 424. Kura zilizokataliwa ni 5, kwa hiyo karatasi zote zilizotoka debeni ni 429, na idadi hiyo haiwezi kuzidi watu ambao KIEMS imewatambua siku hiyo pamoja na wale waliotafutwa kwenye daftari la karatasi. Sasa jaribu kuigeuza ile 1 ya 187 iwe 4, hila ya kalamu tu. Inakuwa 487, jumla inaruka hadi 724, imepita 612, imepita hata 700, ambayo ndiyo idadi ya juu kabisa ya wapiga kura kwa kituo kimoja. Ndiyo maana fomu iliyochezewa mara nyingi hujifichua yenyewe, ikiwa kuna mtu wa kuijumlisha. Saa nne usiku, taa ya betri inafifia na kila mtu ana njaa, wengi hawajumlishi. Wewe jumlisha.

Ukiridhika, tia sahihi. Usiporidhika, usiondoke kwa hasira. Fomu ina nafasi ya kuandika sababu za kukataa kutia sahihi, nawe ziandike. Kutotia sahihi peke yake hakubatilishi matokeo. Mawakala wengi hudhani wakigoma uchaguzi umekwama, kumbe wamejinyima tu ushahidi wao. Dai nakala yako. Hakikisha nakala nyingine imebandikwa mlangoni, ipige picha ikiwa mlangoni, na ubaki uone KIEMS ikituma picha. Mtandao ukigoma kituoni kwenu, msimamizi husogea na kifaa hadi penye mtandao au hutumia modemu ya setilaiti. Andika saa aliyotoka na saa aliyotuma.

Kazi haijaisha. Fomu asili inapelekwa kituo cha kujumlishia kura cha eneo bunge, na mstari wa kituo chako unaingizwa kwenye fomu 34B, ile ya jumla ya eneo bunge. Chama chenye akili huweka mtu huko mwenye nakala za 34A zote, akilinganisha mstari kwa mstari. Kosa la kawaida huko ni karani aliyechoka kuruka mstari, kura za kituo cha juu zikaandikwa kituo cha chini. Akisahihishwa papo hapo limekwisha. Likigunduliwa siku ya tatu na mtu mwenye akaunti ya X, limeshakuwa njama ya kimataifa.

Kwa nini karatasi zetu za kura huchapishwa ng'ambo na mitambo inatoka ng'ambo? Huo si mlango wa kuingilia kati? — Mfanyabiashara, Likoni

Unaweza kuwa, ingawa si kwa namna inayodhaniwa. Mwaka 2017 karatasi zilichapishwa Dubai na Al Ghurair, mwaka 2022 zikachapishwa Ugiriki na Inform Lykos. KIEMS ilianza na kampuni ya Ufaransa, Safran Identity & Security, kisha 2022 zabuni ikaenda kwa Smartmatic. Mchapishaji wa Ugiriki hajui nani atapiga kura Likoni. Anachoweza kukukosesha ni imani, ikiwa idadi ya karatasi na namba zake za mfululizo hazikutangazwa kituo kwa kituo kabla ya ndege kutua.

Mtakumbuka Julai 2022 raia watatu wa Venezuela walipozuiwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wakiwa na stika za uchaguzi kwenye mizigo yao. Polisi wakasema lao. Tume ikasema hao ni watu wa mkandarasi wake, na stika ni za kubandika kwenye vifaa. Vuta nikuvute hiyo ikaendelea kwa siku kadhaa, zikiwa zimebaki wiki chache watu wapige kura. Kama orodha ya wageni wa mkandarasi na vitu watakavyobeba ingalikuwa imechapishwa mapema, stika ingebaki stika.

Mlango wa kweli umo ndani ya mkataba. Ukipata nafasi ya kuuliza katika baraza lolote la Tume, uliza haya: ni nani mwenye akaunti za usimamizi wa mfumo, Mkenya au mgeni, na wako wangapi? Fundi aliye nje ya nchi anaweza kuingia kwenye mfumo kutoka kwao, na njia hiyo inafungwa siku gani kabla ya kura? Kumbukumbu za mfumo, yaani zile zinazoonyesha nani aliingia na akafanya nini, nakala yake inawekwa wapi hapa nchini? Na je, mkaguzi huru ataruhusiwa kuzisoma, au atazuiwa kwa kisingizio cha siri za biashara za kampuni? Hilo la mwisho ndilo gumu. Mkataba ukishatiwa sahihi bila kifungu cha ukaguzi, hata amri ya mahakama hukutana na wakili wa kampuni mlangoni.

Nafanya kazi katika sekretarieti ya kampeni ya mgombea wa ugavana. Nimesikia Gmail na Telegram za watu wa kampeni ziliingiliwa 2022. Ziliingiliwaje, na tufanye nini? — Nakuru

Februari 2023 waandishi waliojifanya wateja walifichua kundi la Israeli lililojiita Team Jorge. Waliripoti kwamba, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, walionyeshwa kwenye skrini Gmail na Telegram za watu wa karibu na William Ruto, aliyekuwa mgombea wakati huo. Kiongozi wa kundi alituma hata ujumbe kutoka kwenye Telegram ya mtu, akaufuta.

Njia za kuingia ni tatu, na hakuna hata moja ya miujiza. Ya kwanza ni hadaa ya barua pepe. Tarehe 19 Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, alipata barua iliyojifanya ya Google, ikimwambia kuna mtu Ukraine ana nenosiri lake, abofye abadilishe. Msaidizi wa kompyuta, kama alivyosema baadaye, alikusudia kuandika kwamba barua hiyo si halali. Akaandika kwamba ni halali. Ikabofywa, na kuanzia tarehe 7 Oktoba barua zake zikawa zinamwagwa hadharani. Marekani iliwashtaki maafisa 12 wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi kwa udukuzi wa uchaguzi ule.

Ya pili ni laini yako kuhamishiwa kadi nyingine na mtu mwenye namba yako ya kitambulisho na rafiki kwenye duka la simu. Ya tatu ni SS7, mfumo wa miaka ya 1970 ambao kampuni za simu duniani hutumia kupitishiana simu na ujumbe. Aliyejipenyeza humo anaweza kuipokea ile SMS ya tarakimu za kufungulia akaunti kabla yako, simu yako ikiwa mfukoni mwako.

Kwa hiyo, kwanza acheni SMS kama ufunguo wa pili. Mnunue funguo za usalama, vile vidude vidogo vya USB vinavyochomekwa kwenye kompyuta au kugusishwa simu, viwili kwa kila mtu: kimoja cha kutembea nacho, kimoja kwenye sefu ya ofisi. Msipoweza, tumieni programu ya kutoa tarakimu kwenye simu yenyewe. Google ina mpango wa ulinzi wa juu kwa watu wa kampeni na waandishi wa habari, na haulipiwi. Kwenye Telegram na WhatsApp wekeni nenosiri la hatua mbili, na kila Ijumaa mtu mmoja apite kwa kila mmoja wenu aangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta ya saiba iliyosahaulika mjini huonekana hapo. Nendeni duka la kampuni ya simu mkaombe laini zenu zisibadilishwe mpaka mwenyewe afike na kitambulisho.

Kisha punguzeni mnachohifadhi. Kundi la WhatsApp lenye watu 180 si sekretarieti, ni baraza la wazi. Mipango ya fedha na orodha za mawakala ziwe kwenye kundi dogo lenye ujumbe unaojifuta baada ya siku saba.

Mkiwa tayari mmeibiwa, semeni wenyewe mapema. Kampeni ya Emmanuel Macron ilimwagiwa barua zake mtandaoni Mei 5, 2017, siku mbili kabla ya duru ya pili. Watu wake walikuwa wamelitarajia hilo, hata wakawa wanawapa wadukuzi akaunti za bandia zenye takataka ili kuwachosha. Barua zilipotoka, walitangaza dakika za mwisho kabla ya kipindi cha kimya cha kampeni kwamba wameibiwa na kwamba za kweli zimechanganywa na za uongo. Tume ya Ufaransa inayosimamia kampeni ikawaonya waandishi wasizieneze. Zikapoa.

Niko Doha, ni Mkenya, naendesha ukurasa wa Facebook wa kumuunga mkono mgombea wa kwetu. Watu wameanza kutuma picha kwamba ukurasa unasimamiwa Qatar, eti mimi ni mkono wa nje. — Doha

Pole. Wewe ni mpiga kura. Qatar ilikuwa miongoni mwa nchi 12 ambako Wakenya walimpigia kura rais mwaka 2022. Andika kwenye maelezo ya ukurasa kwamba unaendeshwa na Wakenya walioko Doha, basi.

Waliokuchunguza, hata hivyo, walitazama mahali sahihi. Kwenye sehemu ya uwazi wa ukurasa, Facebook huonyesha tarehe ukurasa ulipofunguliwa, majina yake ya zamani na nchi walipo wasimamizi. Nchi peke yake haithibitishi kitu. Angalia mchanganyiko: ukurasa uliokuwa wa vichekesho vya mpira au vya mapishi, ukabadilishwa jina mara mbili, sasa unaandika siasa za Kenya saa tisa usiku za Nairobi kila siku, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Gikomba hasemi wala wa Lamu haandiki. Ukiziona dalili hizo pamoja, shika simu uripoti.

Mchezo huu hauna upande mmoja. Oktoba 2019 Facebook iliondoa mitandao ya akaunti iliyohusishwa na Mrusi Yevgeny Prigozhin, iliyolenga nchi nane za Afrika, zikiwemo Msumbiji, Madagascar, Sudan na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Desemba 2020, siku chache kabla ya uchaguzi wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, iliondoa nyingine: moja ilihusishwa na watu wenye uhusiano na jeshi la Ufaransa, nyingine na Warusi, na akaunti za pande hizo mbili zilikuwa zikirushiana maneno zenyewe kwa zenyewe mbele ya raia wa Bangui.

Tena mara nyingi mgeni huitwa na mwenyeji na kulipwa. Mwaka 2017 tovuti ya kumchafua Raila Odinga, iliyosukumwa kwa matangazo ya Google, ilitengenezwa na Harris Media ya Texas, kama ilivyobainishwa na Privacy International. Machi 2018 mkuu mmoja wa Cambridge Analytica alirekodiwa kwa siri akijigamba kwamba kampuni yake iliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017; chama cha Jubilee kilikiri tu kuajiri kampuni dada yake kwa kazi ya nembo. Hakuna aliyevunja mlango. Kitu cha kujiuliza unapoangalia video kali ni nani ameilipia, na Maktaba ya Matangazo ya Meta ina sehemu ya kutafuta hilo kwa nchi na kwa jina la ukurasa.

Sauti ni ngumu kuliko video. Slovakia, Septemba 2023, siku mbili kabla ya kura, ilisambaa sauti ya kutengenezwa ikidai mgombea Michal Šimečka anapanga wizi wa kura na mwandishi wa habari. Kipindi cha kimya kilikuwa kimeshaanza, kukanusha kukawa taabu. Ukiletewa sauti ya namna hiyo ikiwa zimesalia saa 48, mtumie aliyekuletea swali moja: umeipata kwa nani? Ukipanda ngazi mara tatu bila kumpata aliyeirekodi, usiipeleke mbele.

Hapa kwetu serikali hufunga intaneti wakati wa uchaguzi, inasema inazuia wageni. Inasaidia? — Mbarara

Hapana, na tunasema hivyo bila kusitasita. Januari 2021 Facebook iliondoa akaunti zilizohusishwa na wizara ya habari ya Uganda. Serikali ikaifungia Facebook, ikiishutumu kwa kuingilia mambo ya nchi, kisha jioni ya tarehe 13, mkesha wa kura, ikazima intaneti yote hadi tarehe 18. Mgeni mwenye nia mbaya ana setilaiti na subira. Anayekwama ni wakala wa Mbarara mwenye picha ya fomu asiyeweza kuituma Kampala. Siku tano hizo ndizo picha hiyo ilipokuwa na thamani.

Chama chetu kidogo kimeahidiwa "msaada wa kitaalamu" na shirika la nje. Tupokee? — Katibu wa tawi, Kitale

Someni kifungu cha 27 cha Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011. Chama hakiruhusiwi kupokea michango ya fedha kutoka kwa asiye raia, serikali ya kigeni au shirika la kigeni. Chama cha nje chenye itikadi kama yenu kinaweza kuwapa msaada wa kitaalamu, lakini usiwe wa mali. Mafunzo ya mawakala, sawa. Magari, kompyuta, kodi ya ofisi, hapana. Na kabla ya kusema ndiyo, ulizeni ni vyama vingapi vingine vimeahidiwa. Kuhusu uchaguzi wa Madagascar wa 2018, BBC iliripoti kwamba Warusi waliwaendea kwa ahadi za fedha wagombea wasiopungua sita. Mfadhili anayewafadhili wote hana mgombea, ana biashara.

Romania walifuta uchaguzi kwa sababu ya TikTok. Mahakama yetu inaweza? — Wakili mwanafunzi, Eldoret

Mahakama ya Katiba ya Romania ilifuta duru ya kwanza ya uchaguzi wa urais tarehe 6 Desemba 2024. Călin Georgescu, ambaye kura za maoni hazikumpa nafasi, alikuwa ameongoza kwa karibu asilimia 23 huku akitangaza kwamba hakutumia hata senti kwenye kampeni. Idara za usalama zilidai kwamba akaunti zipatazo 25,000 za TikTok ziliamka wiki mbili kabla ya kura. Uchaguzi ukarudiwa Mei 2025 bila yeye. Baadaye waandishi wa Snoop, tovuti ya habari za uchunguzi ya Romania, waliripoti kwamba sehemu ya kampeni ile ya TikTok ililipiwa na chama cha ndani cha kiliberali na kumfaidi asiyekusudiwa. Umeona tena mlango unapofunguliwa.

Kwa Kenya, swali la hakimu ni lile la kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi: je, kanuni za Katiba zilivunjwa, au matokeo yaliathirika? Uchafuzi wa mitandaoni peke yake, kwa maoni yetu, hautavuka kizingiti hicho. Ushahidi wa karatasi utavuka. Mwaka 2022 walalamishi walileta kumbukumbu za seva na madai kwamba fomu 34A zilikamatwa njiani zikabadilishwa. Fomu asili zikalinganishwa na zilizokuwa kwenye tovuti, zikaoana, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakatupilia mbali kesi. Zile kumbukumbu walizikataa.

Muda nao ni mkali: siku 7 za kuwasilisha kesi ya urais tangu matokeo kutangazwa, siku 14 za kuamua. Hakuna nafasi ya kuanza kutafuta wataalamu siku ya tano. Kwa hiyo wakala wenu ahifadhi picha ya fomu kwenye simu iliyoipiga, bila kuikata wala kuipamba. Akiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na inapoteza saa na mahali ilipopigwa. Aitume kama faili, na simu yenyewe isiuzwe mpaka hukumu isomwe.